Makali Yaliyolala Kushoto

Ukitaka cha mvunguni sharti uiname, na Inspekta alikuwa ameinama mpaka kiuno kikaanza kumlaumu. Mbele yake, juu ya turubai lililotoboka, zilitandazwa mali za Kutu: misumeno isiyo na meno, koleo zilizogandana midomo, bisibisi zilizotumika kama patasi na patasi zilizotumika kama bisibisi. Gulio zima lilimwita muuzaji huyo Kutu, na hakuna aliyehitaji kuuliza kwa nini.

Siku zake za mapumziko Inspekta alikuja hapa kutafuta vyombo vya zamani kwa ajili ya meza ya useremala iliyomeza nusu ya sebule yake. Alijua kugonga chuma kwa ukucha akasikiliza mlio, na kuchungulia mpini kama umeliwa na wadudu. Leo hakuwa mapumzikoni. Fundi seremala mmoja aliuawa ndani ya karakana yake, akapigwa kisogoni kwa nyundo ya mbao, na sanduku lake la vyombo likatoweka. Kesho yake sanduku lilikutwa tupu, lina tone la damu ubavuni, kwenye mkokoteni wa mwokota vyuma chakavu aitwaye Chuma. Chuma aliapa kwamba aliliokota jalalani likiwa hivyohivyo. Kituo kizima kilimcheka, na kesho asubuhi angepandishwa kizimbani kujibu shtaka la mauaji. Inspekta peke yake hakucheka. Kama Chuma aliiba vyombo, vyombo vyenyewe viko wapi?

Mkono wake ulitua kwenye patasi pana yenye mpini mweusi kwa jasho la miaka. Akaigeuza. Kwenye kitako cha mpini palichomwa alama, duara lenye msalaba ndani yake. Alama hiyohiyo ilikuwa kwenye kifuniko cha sanduku lililofungiwa stoo ya vielelezo.

"Hiyo chombo kweli, mama," Kutu alisema. "Hiyo huipati dukani. Siku hizi wanatuuzia mabati."

"Umeipata wapi?"

"Vitu vinakuja, vinaondoka. Mimi ni njia tu."

Inspekta alimwonyesha kitambulisho. Kutu alikitazama, akamtazama mwenye nacho, akavua kofia.

"Afande! Siku zote hizi nilijua wewe ni mwalimu."

"Umeipata wapi?"

"Kwa Chuma. Si yule mliyemkamata? Kila mtu anajua."

"Aliileta lini?"

"Juzi."

"Juzi Chuma alikuwa amelala sakafuni kwangu, mahabusu. Wiki nzima yuko pale."

Kutu alikohoa. "Basi si juzi. Mimi siku zinanichanganya, afande, nina sukari."

Inspekta alipitisha makali ya patasi juu ya mkono wake taratibu, na vinyweleo vikaanguka kama vilivyonyolewa na kinyozi. Kwenye turubai lile hapakuwa na kitu kingine chenye uwezo wa kukata ndizi mbivu.

"Nani aliinoa?"

"Si mimi."

"Najua si wewe. Wewe hujanoa hata kisu cha kwako nyumbani."

"Unanivunjia heshima mbele ya wateja."

"Wateja gani? Niko mimi na yule paka. Kutu, nisikilize. Aliyeuza hii anajua fundi alikufaje. Ukiendelea kunidanganya, kesho Chuma hatakuwa peke yake kizimbani."

Kutu aliketi juu ya ndoo yake. Ubishi ulimtoka, akaonekana mzee.

"Alikuja na helmeti ya pikipiki, afande, kioo kimeshushwa. Amevaa na glavu, kwa joto hili! Akasema, wakiuliza, sema ni Chuma. Nikaona mambo yasiyonihusu hayo. Nikamwambia bei yangu ni moja, iwe kali iwe butu, nini cha kujisumbua kunoa? Akakasirika. Akasema chombo hakitoki mkononi mwa mtu kikiwa butu."

"Alisema hivyo?"

"Alisema kama ananigombeza mimi."

Inspekta aliinua patasi usawa wa jicho, akaitazama kutoka juu. Aliyeinoa hakuigusa kijuujuu. Alisaga chuma kingi mpaka karibu na weusi wa zamani, na chuma kipya kilikuwa kinang'aa. Kazi safi, isipokuwa makali hayakunyooka. Yalilala kidogo upande wa kushoto.

*

Kwenye benchi la mbele ya kituo alikuwepo mama yake Chuma. Alikuwa hapo jana, na juzi. Leo alipakata shati jeupe lililopigwa pasi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hili ni la kesho. Sitaki hakimu amwone na yale matambara." Akalilaza shati vizuri mapajani. "Umepata kitu?"

"Natafuta, mama."

"Tafuta. Mwanangu mchafu, nakubali. Anaokota kila kitu. Lakini hajawahi kumpiga hata mbwa."

Inspekta alipita haraka, maana macho ya yule mama yalikuwa mazito kuyabeba. Ndani, Koplo alikuwa anafunga jalada kwa kamba, kazi aliyoifanya kwa furaha iliyomkera.

"Fungua," Inspekta alimwambia. "Nataka picha za karakana."

"Afande, Mkuu kasema jalada liko tayari. Mtu ana sanduku, sanduku lina damu. Tunataka nini tena, malaika ashuke kutoa ushahidi?" Akaiona patasi. "Au sasa tunafungua duka la vyombo?"

"Fungua, Koplo."

Picha zilitandazwa mezani. Waliiruka ile ya maiti, wakakaa kwenye ile ya meza ya kazi. Mlango mpya ulikuwa umelazwa ubavu juu yake. Bawaba ya juu ilikwisha kufungwa kwa skrubu. Nafasi ya kulaza bawaba ya kati ilikuwa imechongwa nusu, na maranda mabichi yalikuwa bado ndani yake. Ya chini haikuguswa. Hapo ndipo fundi alipofikia alipopigwa.

Inspekta alimpa Koplo kioo cha kukuzia. "Tazama ndani ya ile nafasi ya kati."

"Naona mbao."

"Tazama vizuri."

Koplo aliinama. "Kuna vimistari vimeinuka. Kama mtu kakwangua ukoko kwa kijiko kilichovunjika."

"Sasa umesema. Patasi yenye pengo kwenye makali haikati pale penye pengo, inaacha mstari. Hicho chombo kilikuwa na pengo fundi alipokuwa anakitumia mara ya mwisho." Akaiweka patasi mbele yake. "Lionyeshe."

Koplo aliyapapasa makali, akajikata, akanyonya kidole. "Halipo. Basi si patasi hii, afande. Tumerudi palepale."

"Au ni hii, na pengo limenolewa likaisha. Limenolewa baada ya fundi kufa. Na Chuma tulimkamata asubuhi yake, mtu asiye na hata jiwe la kusugulia visigino."

Koplo alikitoa kidole mdomoni. Hakuwa mjinga, ila alikuwa na haraka ya kwenda nyumbani. "Fundi anaweza kuwa na patasi mbili za upana mmoja."

"Anaweza. Tunakwenda kuuliza. Na kuna lingine linanisumbua. Huyu mtu sifa zake zilijaa mji. Kwa nini achonge mlango wa mteja kwa patasi yenye pengo?"

*

Karakana ilikuwa wazi, na ndani kulikuwa na mlio wa kazi. Mjane wa fundi alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, kanga kichwani, mikono imemlegea. Mezani alikuwa mdogo wake marehemu. Watu walimwita Mdogo tangu utotoni, na jina lilikuwa halijamtoka ingawa ndevu zilikwisha kuingia mvi. Alikuwa ameinamia ule mlango, akichonga.

Inspekta alitoa pole, akasogea mezani. Nafasi ya bawaba ya kati ilikuwa laini kama kiganja. Vile vimistari vyote vilikuwa chini, vimechanganyika na maranda.

"Nani alikuruhusu kugusa mlango huu?"

Mdogo aliinua uso. "Utepe wenu mliutoa wenyewe, afande. Mteja anataka mlango wake. Nikasema nimmalizie kaka, asilale na deni la kazi."

"Hapa palikuwa na mistari."

"Nimeiondoa." Alisema kwa aibu, kama aliyefumaniwa akifagia uchafu wa mgeni. "Kaka hakuwa fundi wa kuacha mistari. Watu wakiiona watamsema vibaya, na yeye hawezi kujibu."

Koplo alimtazama Inspekta. Picha walikuwa nayo, lakini wakili yeyote angesema ni kivuli cha taa. Inspekta alizunguka meza. Bawaba ya juu, ile aliyoifunga marehemu kwa mkono wake, ilikuwa bado mahali pake.

"Koplo, bisibisi."

Skrubu zilitoka moja baada ya nyingine. Mdogo alisimama na patasi yake mkononi. Bawaba ilipoinuliwa, vimistari vilikuwa pale chini, vimelala salama. Inspekta aliilaza patasi ya gulioni juu yake, na upana ukakubali bila kubaki hata unywele.

Mjane aliiona, akasimama. "Hiyo ya baba mkwe! Imetoka wapi?"

"Mume wako alikuwa na nyingine ya upana huu?"

"Hiyo tu. Alirithi kwa baba yake, na alama ni ya baba yake. Ilikuwa na pengo, iligonga msumari uliofichwa ndani ya mbao. Siku nzima alinung'unika juu ya hilo pengo."

"Kwa nini hakuinoa?"

"Bega, afande. Kuchonga aliweza kwa kujikaza, lakini kuegemea jiwe hakuweza. Usiku nilikuwa namkanda."

"Na hakukuwa na wa kumnolea?"

Mjane alimtazama shemeji yake, kisha akatazama chini.

"Shemeji alikuwepo," alisema pole pole. "Lakini mume wangu, Mungu amrehemu, kwenye kunoa hakumwachia mtu."

Pikipiki ilikuwa imeegemezwa ukutani, helmeti imetundikwa kwenye usukani. Inspekta alikuwa ameiona alipoingia, na hakuitilia maanani sana. Nusu ya mafundi wa mji wana pikipiki na helmeti. Alifungua mkoba, akatoa patasi nyingine, ya kwake mwenyewe, aliyoinunua kwa Kutu miezi iliyopita na kuisugua kutu mpaka ikaonekana chuma.

"Fundi," alisema, "hii imenishinda. Hebu nisaidie kuinoa."

Mdogo aliitazama. Kila mtu mle ndani aliona kwamba ulikuwa mtego, na yeye wa kwanza. Angeweza kusema amechoka, au jiwe limevunjika. Lakini alikwisha kuipokea. Akaipapasa makali kwa kidole, akaguna.

"Nani amekufanyia ushenzi huu?"

"Mimi."

"Unaisugua kama sufuria. Chuma hiki kizuri, afande, unakionea."

Akamwagia jiwe maji. Lilikuwa limeliwa, lakini upande mmoja tu, limeteremka kama ngazi ya msikiti wa zamani. Alishika patasi kwa mikono miwili, na hapo Inspekta akakiona kidole gumba cha kulia. Hakikukunjika. Kilisimama wima kama mti, kwa hiyo uzito wote wa mwili wake uliingia kwa mkono wa kushoto. Zile glavu za gulioni zilificha hilo. Alinoa akiinamia kazi, pumzi yake ikienda sambamba na jiwe, na kwa muda ule uso wake ulikuwa umetulia kabisa. Inspekta alimwonea huruma, na hakupenda kwamba alimwonea.

Alipomaliza alifuta patasi kwenye suruali, akampa. Inspekta aliziweka patasi zote mbili mezani, bega kwa bega. Makali yote mawili yalilala kushoto, kwa mlalo ule ule.

Koplo alisogea mlangoni.

"Shemeji?" mjane aliita. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Shemeji, sema kitu."

Mdogo aliketi juu ya gogo la kupasulia mbao.

"Kidole hiki kilivunjwa na mlango nikiwa mtoto," alisema. "Baba alinifundisha hivyo hivyo. Kila nilichonoa, kaka alinoa tena. Mbele ya wateja. Mbele ya wanangu. Hasemi neno, anachukua tu, anarudia. Nimezeeka naye bado anarudia kazi yangu."

"Na siku ile?"

"Siku ile bega halimwachii. Ana pengo mkononi. Nikajua leo hana njia. Nikamwambia, kaka, lete nikunolee, itakata. Akasema acha, utalaza makali." Akajifuta mdomo. "Akainama, akaendelea kuchonga na pengo lake. Unaelewa, afande? Fundi yule, mtu wa kurudia mlango mzima kwa alama ya kucha! Aliona afadhali aache mistari kwenye mbao ya mteja kuliko mimi niguse patasi. Na nyundo ilikuwa hapo."

Mjane alikaa chini, sakafuni kabisa, katikati ya maranda. Hakulia. Alianza kuyakusanya kwa mikono, fungu baada ya fungu, kama mtu ambaye lazima afanye kitu.

"Sanduku ukalitupa," Inspekta alisema.

"Ili ionekane wizi. Sikujua nani ataliokota. Niliposikia ni yule Chuma, nikasema basi, Mungu ameamua."

"Mungu hakumwambia Kutu aseme ni Chuma."

Mdogo aliinamisha kichwa. "Hapana. Ni mimi."

"Na vyombo? Ungevitupa shimoni, nisingekupata."

Alimtazama Inspekta kwa mshangao wa kweli. "Chuma cha baba nikitupe shimoni? Niliwaza viende kwa mtu, vifanye kazi. Nilianza na hiyo. Vingine viko nyumbani, chini ya kitanda." Akakitazama kidole gumba chake. "Sikuweza kuipeleka na pengo. Nilikaa, nikainoa mpaka pengo likaisha. Nikatazama nyuma, kama kuna mtu anakuja kuichukua. Hakuna aliyekuja."

Koplo alitoa pingu. Hakuwa na utani wowote sasa. Mdogo alinyoosha mikono, kisha akageuza shingo kuelekea mezani.

"Afande. Inakata?"

Inspekta alizifunga patasi kwenye kitambaa, kila moja peke yake, akatoka.

*

Mkuu wa kituo alisoma maelezo mara mbili, akauliza kama ni kweli kesi ya mauaji imesimama juu ya ubavu wa mlango, kisha akatia saini. Vyombo vilivyobaki vilikutwa chini ya kitanda, vimefungwa kwa kanga safi, na vyote vilikuwa vimenolewa. Chuma aliletwa mbele akiwa peku, akipepesa macho.

"Nenda nyumbani," Koplo alimwambia.

"Na sanduku langu?"

"Sanduku gani? Kielelezo hicho!"

"Mimi niliokota."

"Toka, bwana, kabla sijabadili mawazo."

Mama yake alikuwa amesimama kando ya benchi. Hakumkumbatia kwanza. Alimvua yale matambara palepale mbele ya watu, akamvisha shati jeupe, akafunga vifungo vyote mpaka cha shingoni, akaivuta kola. Ndipo akaegemeza kichwa kifuani kwake na kulia kwa sauti, na askari wa zamu wakatazama pembeni. Inspekta naye alitazama pembeni. Alikuwa na furaha, na ilikuwa furaha chungu.

Alirudi mezani kwake. Patasi ya marehemu ilikwisha kutiwa lakiri, ikapelekwa stoo. Ya kwake ilikuwa bado kwenye kitambaa. Aliitoa, akaokota kipande cha mbao kilichokuwa kinazuia dirisha lisijifunge, akakishindilia ukingoni mwa meza. Akasukuma. Randa jembamba likajikunja mbele ya makali, refu, bila kukatika, likaanguka sakafuni. Mbao iliyobaki chini ilikuwa laini, haina hata mstari mmoja.

Inspekta aliitazama kwa muda. Kisha akashuka mahabusu. Mdogo alikuwa amekaa pale pale alipolala Chuma, mgongo ukutani.

"Inakata," alimwambia kupitia nondo.

Mdogo hakuinua kichwa. "Nilimwambia," alisema.